Hakimu na Wajane Wawili wa Saa Saba

Matangazo ya vifo huanza saa saba kamili mchana. Saa sita na nusu Hakimu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, miwani puani, kalamu ya risasi mkononi, karatasi mbele yake. Hakuna aliyemwomba awahi hivyo. Lakini mtu aliyefundwa kuwahi kazini haachi, hata kama kazi yenyewe ni ya dakika kumi na malipo yake hayavuki nauli na chai.

Hakuwa hakimu wa mahakama yoyote. Alikuwa mwigizaji. Miaka tisa alivaa joho jeusi kwenye mchezo wa televisheni uliorushwa kila Jumapili jioni, akagonga nyundo mezani, akatoa hukumu zilizowaliza watu wazima na ndevu zao. Enzi hizo sebule moja yenye televisheni ilijaza watu wa nyumba sita. Watoto walikaa chini, wazee kwenye makochi, vijana dirishani, na aliyekohoa wakati wa hukumu alitolewa nje akamalizie kukohoa uani. Siku hizi kila mtu ana televisheni yake mfukoni, anacheka peke yake kama mwehu, na jirani yake hajui kinachomchekesha.

Mchezo ulikatwa mwaka ule wenye kituo walipogundua tamthilia za nje zilizopachikwa sauti. Wahusika wake ni warembo, magari yao hayana vumbi, na hawadai posho. Hakimu hakuitwa hata kuagwa. Alifika langoni Jumatatu, mlinzi aliyekuwa akimpigia saluti ya mzaha miaka yote akatazama orodha, akatazama viatu vyake, akasema, "Mzee, jina halimo." Hukumu ile ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kutoa yeye.

Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Wanawe walikuwa na maisha yao, na maisha ya siku hizi hayana chumba cha baba. Akarudi mji aliozaliwa, mji wa barabara moja ya lami, soko, zahanati na stendi, akafikia kwa dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule. Dada alimpa chumba cha uani na sharti moja.

"Hapa kwangu wewe ni mdogo wangu. Huyo hakimu wako muache getini."

Lakini mji haukumuacha getini. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa limeshasahaulika. Hata kadi yake ya zahanati waliiandika Hakimu. Na redio ya jamii ilipofunguliwa kwenye ghala la zamani la chama cha ushirika, watu walisema kwa kauli moja kwamba vifo visomwe na Hakimu, maana ndiye mwenye sauti.

Ghala lile lilikuwa limegawanywa kwa mbao. Upande mmoja lilibaki dirisha walilopokelea matangazo, na meza ya Meneja, binti mwenye stashahada, mpole, aliyekuwa akimwita Hakimu "Baba". Upande wa pili ndiyo studio. Kuta zilipachikwa trei za mayai ili sauti isirudi, dari lilitandazwa mablanketi, na maikrofoni ilivishwa soksi ya mtoto. Nyuma ya kioo alikaa Fundi, mtu mnene wa makamo aliyekuwa akitengeneza redio na pasi sokoni kabla ya kupewa mitambo. Kila saa saba ndiye aliyempa Hakimu ishara kwa kidole aanze.

Dakika kumi hizo ndizo zilizokuwa zimebaki. Nje ya hizo alikuwa mzee mmoja barazani kwa dada yake, akihesabu pikipiki zinazopita. Alijua hivyo, dada yake alijua hivyo, na kwa sababu hiyo hawakulizungumza.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Watu wa msiba waliandika tangazo kwa mkono dirishani, Meneja akaligonga muhuri, kisha likaja kwake. Alilisoma mara tatu kimya. Akalitia alama kwa kalamu ya risasi: mstari mmoja pa kuvuta pumzi, miwili pa kunyamaza. Akaonja kila jina la mtu kama mpishi anayeonja mchuzi, ajue uzito wake uko wapi. Ilipofika saa saba aliyasoma yale maneno makavu, fulani bin fulani, kilichotokea jana, maziko saa kumi, na wanawake wakasimamisha mafagio. Kinyozi wa stendi alikuwa akizima mashine yake na kumuacha mteja na nusu kichwa.

"Hakimu akikusoma," alisema kinyozi, "hata kufa kunakuwa na raha yake. Lakini ukisomwa na yule binti wa kipindi cha muziki, ni kama wanatangaza nyanya zimeshuka bei."

Sifa hizo zilimfikia, na sifa kwa mwigizaji mzee ni kama tembo kwa aliyeacha kunywa. Walimfuata hata na kesi. Mama mmoja alimvizia dirishani na habari ya mbuzi aliyekula nguo kwenye kamba.

"Mama yangu, mimi sina mahakama. Nilikuwa naigiza tu."

"Najua, mwanangu. Basi igiza na hii yangu."

Ikabidi ahukumu. Mwenye mbuzi alilipa kanga.

Jumatano moja ililetwa karatasi ya mwenye mashine ya kusaga. Mji mzima ulimjua marehemu, kwa sababu mji mzima ulikula unga wake. Tangazo liliandikwa na mdogo wake, kwa mwandiko wa mtu aliyesomeshwa zamani, herufi zimesimama wima kama askari. Marehemu ameacha wajane wawili, akataja jina la mke mkubwa, kisha la mke mdogo, watoto tisa, na maziko siku hiyohiyo saa kumi.

Hakimu alilisoma mara ya kwanza, akaona sawa. Mara ya pili sikio likamkwaruza. Jina la mke mkubwa lilikuwa refu, zito, jina la heshima linaloshuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. La mke mdogo lilikuwa fupi, la kudakwa. Ukianza na lile refu ukamalizia na lile fupi, sentensi ilikatika kama kamba mbovu. Ukigeuza, ukatanguliza fupi, ukanyamaza kidogo, kisha ukateremsha lile refu, sentensi ilikaa. Kwenye jukwaa alilokulia yeye ndivyo ilivyokuwa: watu wadogo huingia kwanza, wanakaa, wanatulia, ndipo mfalme anaingia. Anayeingia mwisho ndiye macho yote yanamngojea.

Akachora kamshale ka kalamu ya risasi kutoka jina moja kwenda jingine. Akatia mistari miwili ya kunyamaza katikati. Saa saba alisoma hivyo, na alipofika kwa mke mkubwa alishusha sauti hadi chini kabisa ya kifua, akalitamka jina lile kwa upole ambao hakuwahi kumpa mtu redioni. Nyuma ya kioo Fundi alitikisa kichwa kwa kukubali. Hakimu alivua vidude vya masikioni akajiona amemfanyia mama wa watu ihsani.

Ajabu ni kwamba hakuwa mgeni. Alizaliwa hapo, alizika wazazi wake hapo. Alijua, kama kila mtoto wa darasa la tatu anavyojua, kwamba kwenye tangazo la msiba mkubwa hutajwa kwanza, na kutoka kwenye kutajwa hutoka kila kitu: nani anakaa karibu na mlango, nani anapanda gari la mbele, nani anatupa udongo wa kwanza. Alijua yote hayo. Sikio liliitangulia akili.

Saa nane haijafika, simu ya Meneja ilikuwa ikiita bila kupumua. Lakini msibani mambo yalikuwa yameshakwenda. Kaka zake mke mdogo, waliokuwa wamekaa pembeni tangu asubuhi wakijua nafasi yao, walisikia dada yao anatajwa wa kwanza. Walitazamana. Mmoja wao akainua redio juu watu wote waione.

"Si mimi," alisema. "Redio imesema."

Na redio ikisema katika mji ule imesema. Magazeti yaliacha kufika siku nyingi, na simu kila mtu anajua zinaongopa. Mke mdogo akaketishwa mlangoni. Mke mdogo akapanda gari la mbele, nyuma ya jeneza. Mke mkubwa, mama wa watoto sita kati ya wale tisa, alipanda gari la tatu pamoja na masufuria.

Alhamisi asubuhi Hakimu alimkuta Mwenyekiti wa kamati ya redio amekalia kiti cha Meneja. Mwenyekiti alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na aliongea na watu kama anayewapimia misumari. Mdogo wake marehemu alisimama karibu na dirisha, macho mekundu. Karatasi ilikuwa mezani.

"Mshale huu kauchora nani?"

"Mimi."

"Kwa kuambiwa na nani?"

"Na mtu yeyote? Hapana. Nilitaka jina lake likae vizuri. Kwenye mchezo, Mwenyekiti, mkubwa huingia mwisho. Wote wanaingia, wanakaa, ndipo yeye—"

"Mzee wangu." Mwenyekiti aliinua kiganja. "Msiba si mchezo."

"Najua."

"Ungejua tungekuwa hapa?"

Mdogo wa marehemu alifungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Niliandika mwenyewe. Kwa mkono wangu. Nilikwenda kwa shemeji kumsomea kabla sijaleta, nikamwambia, umekaa wa kwanza kama inavyotakiwa." Akageuka kumtazama Hakimu. "Sasa ananiuliza mimi kama niliongopa."

"Nitasoma tena leo," alisema Hakimu. "Saa saba. Nitasema kosa ni langu."

"Hutasoma," alisema Mwenyekiti. "Tukisahihisha kifo kimoja, kesho kila ukoo utakuja na wake. Na wale kaka zake mke mdogo nao watakuja hapa, tena si kwa maneno. Redio hii haijawahi kujirudi. Karatasi hii inakwenda kwenye msumari, na kwenye msumari inabaki. Atakayeisoma tena ataondoka, na asitafutiwe mtu wa kumwombea. Vifo vya leo vitashikwa na yule binti wa muziki. Wewe nenda kamwombe mama wa watu msamaha, yaishe kimyakimya, kesho urudi kwenye kiti chako."

Meneja alitazama meza. Aliichukua karatasi, akaichoma kwenye msumari mrefu unaosimama juu ya kibao, juu ya vifo vya juma zima.

Hakimu alirudi nyumbani kula. Dada alikuwa kwenye cherehani, pini tatu mdomoni. Aliongea kwa upande wa mdomo usio na pini.

"Nimesikia. Sokoni hawana habari nyingine."

"Naambiwa nikaombe msamaha, Dada. Nitamwambia nini?"

"Mwambie ulivyokosea."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Usimtilie chumvi. Wewe hata ukiniomba sabuni unaomba kama unakata roho." Alikanyaga cherehani, ikapita juu ya pindo la sketi. "Na ukilia, Mungu anione, utarudi kulala huko huko. Mji huu umekuona ukilia miaka tisa. Nani atajua lipi ni la kweli?"

Hilo ndilo lililomtembeza taratibu hadi msibani. Mtu mwingine akikosa, analo chozi lake. Yeye chozi lake alilitumia lote kazini.

Turubai lilikuwa bado limesimama, viti vya plastiki vimepungua. Mke mdogo alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, msichana tu, amejiinamia, kaka zake wamemzunguka kama ua. Hakuinua macho. Hakimu alionyeshwa njia ya uani. Huko mke mkubwa alikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Wanawake wawili waliokuwa naye walijikuta wana shughuli kwingine.

"Pole, Mama."

"Nimeshapoa. Kaa."

Alikaa kwenye ndoo iliyoinamishwa. "Mama, nimekuja mbele yako," alianza, na hapo hapo sauti ikashuka kifuani yenyewe, ikakaa mahali pake pa siku zote, na mkono wa kulia ukaanza kupanda.

Mama aliutazama ule mkono.

"Ushushe huo."

Akaushusha.

"Sauti hiyo naijua. Uliisema siku ile ulipomsamehe yule mwizi wa ng'ombe kwenye televisheni. Tulikuwa tumejaa sebuleni kwa mwalimu, nikalia hadi nikaoneana haya na shemeji zangu. Sitalia nayo mara ya pili."

"Sina nyingine, Mama."

"Unayo. Ile unayomwambia mtu kwamba mlango wa choo haufungi. Hiyo."

Hakimu alijaribu. Kwa umri wake wote alikuwa amejifunza namna ya kusema kila neno, na hili moja halikuwa na namna. Mwishowe alisema, "Nilipangua karatasi. Ilikuwa imeandikwa sawa. Shemeji yako hakuongopa."

"Ahaa." Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Hilo ndilo nilitaka kujua."

Kuku alipita katikati yao bila adabu.

"Tulianza na kinu na mchi," alisema mke mkubwa, kama anayeyaambia maharage. "Mimi natwanga, yeye anauza. Mikono hii ndiyo ilinunua mashine ya kwanza. Alipopata mashine ya dizeli, akapata na mke wa dizeli. Yule binti sina neno naye, hakujioa. Lakini tangu hapo mimi nikawa wa mwisho. Wa mwisho kuulizwa, wa mwisho kupewa. Akisafiri ni na mwenzangu, akiugua ni kwangu. Nikasema sawa. Iko siku moja ambayo hakuna wa kunipokonya. Siku atakayotangazwa. Siku hiyo hawatazami nani ana sura, wanatazama nani alitangulia." Alipepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Ikafika. Nikawaambia wanangu, washeni. Nikakaa. Nikakusikia unanitaja wa mwisho, tena kwa madaha."

"Nilidhani nakupa heshima."

"Najua ulidhani. Hata marehemu alikuwa akidhani."

Hakimu aliinamisha kichwa.

"Wako waliokusifu," aliendelea mama. "Wamesema umenisoma vizuri. Na kweli, umesoma tulivyoishi. Umewaambia watu wote nilivyokaa ndani ya nyumba hii miaka minane. Mimi nilitaka siku moja tu ya uongo wenye haki yangu."

"Mama—"

"Sitaki msamaha. Msamaha nitaupika? Soma tena. Kama ilivyoandikwa."

"Wamekataza."

"Nani?"

"Kamati."

"Kamati nao wamefiwa?"

"Nikisoma wananiondoa. Na hiyo ndiyo..." Alitaka kusema ndiyo iliyobaki, akaona aibu kulisema mbele ya ungo wa mjane. "Wananiondoa."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa, bila hasira na bila huruma, kama mtu anayetazama mvua kujua itapita lini.

"Basi kaa na kazi yako, Hakimu. Chai iko kwenye birika, jimiminie." Akarudi kwenye maharage.

Ijumaa saa sita na nusu alikuwa kwenye kiti. Meneja alikuwa amekwenda zahanati kuchukua ratiba ya chanjo. Karatasi za siku hiyo zilikuwa mbili: bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, na dereva mstaafu. Alizisoma mara tatu. Hakutia alama. Kisha alinyanyuka, magoti yakalia, akaenda kwenye msumari, akachomoa karatasi ya mwenye mashine taratibu isichanike zaidi. Mshale wake ulikuwa palepale. Akaufuta kwa kifutio, akapuliza vumbi lake.

Fundi alikuwa akimtazama kupitia kioo. Akafungua mlango.

"Mzee. Hiyo ni ya juzi."

"Ndiyo."

"Mwenyekiti alisema—"

"Nilikuwepo."

Fundi alikuna shingo. Alikuwa na watoto watano na mke mwenye kisukari. Alitazama vitufe vyake, akatazama saa ya ukutani.

"Kuna nati inalegea kule kwenye mlingoti," alisema. "Lazima nikaikaze, upepo usije ukaangusha mtu. Nitaacha kila kitu wazi. Nikirudi nitakuwa sijui lolote."

"Sogeza ngazi vizuri, usianguke."

"Nianguke wapi, Mzee. Sipandi."

Saa saba ilipotimia hakukuwa na kidole cha kumpa ishara. Hakimu alitazama mshale wa saa mwenyewe. Alimsoma bibi wa ng'ambo ya mto. Alimsoma dereva mstaafu. Kisha akavuta ile ya tatu.

"Tangazo hili lilisomwa juzi," alisema. "Nililisoma vibaya. Lilikuwa limeandikwa sawasawa, mimi ndiye niliyelipangua, kwa kutaka lipendeze. Nalisoma tena."

Akasoma. Sauti iliyotoka hakuifahamu mara moja. Ilikuwa ya mzee aliyechoka, ina kikohozi pembeni, haipandi wala haishuki. Kwa kuwa hakutia alama, pumzi ilimwishia mahali pabaya. Alisema "ameacha wajane wawili", kifua kikawa kitupu, ikabidi asimame kama mtu aliyefika katikati ya mlima, akavuta hewa kwa kelele hadi maikrofoni ikaisikia. Ndipo akalitaja jina la mke mkubwa. Halikukaa vizuri. Lilitoka limekwaruzika. Akafuatisha la mke mdogo, watoto tisa, maziko ambayo yalikuwa yameshapita, akafunga.

Alibonyeza wimbo uliokuwa umetengwa, akavua vidude vya masikioni, akaviweka sawa kwenye ndoano yake.

Simu ilikuwa inaita Meneja alipoingia mbio, ratiba ya chanjo imekunjwa mkononi. Alikuwa amesikia kwenye redio ya muuza matunda. Hakuipokea simu. Alisimama mlangoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Baba. Ulijua nitatakiwa nifanye nini."

"Fanya."

"Ungeniambia kwanza."

"Ningekuambia ungenikataza. Na ukinikataza wewe ningetii, na sikutaka kutii."

Meneja alikaa. Alikuwa na umri wa binti yake wa mwisho, na kama binti yake wa mwisho hakujua pa kuweka mikono anapotaka kulia. Simu ikanyamaza, ikaanza upya.

"Mama yangu nyumbani huwasha redio kwa ajili ya saa saba tu," alisema. "Ikiisha anazima."

"Mwambie apumzishe betri."

Alichukua kalamu yake ya risasi, kifutio chake na mto mdogo wa kiti, kwa maana ulikuwa wa dada yake. Nje, chini ya mlingoti, Fundi alisimama na spana mkononi akiangalia juu kwa bidii, akamuaga bila kugeuka.

Habari nyingine aliipata jioni kutoka kwa dada, aliyeipata kwa mteja aliyekuwa msibani. Redio ilikuwa imewashwa, kama kila mahali. Tangazo liliposomwa watu waliacha vijiko hewani. Lilipokwisha, mke mkubwa alitoka uani, akajifuta mikono kwenye kanga, akachukua kiti cha plastiki mwenyewe, akakipeleka mlangoni. Mke mdogo aliinuka kabla hajaambiwa, akasogeza mkeka wake. Kaka mmoja alitaka kusema neno. Mdogo wa marehemu akamtangulia.

"Si mimi," alisema. "Redio imesema."

Siku ile zilikuwa zimebaki siku mbili za msiba, na mke mkubwa alikaa mlangoni zote mbili, akipokea watu. Shukrani hakutuma. Hakimu hakuwa anaingojea. Au tuseme aliingoja Jumamosi, na Jumapili akaacha.

Jumatatu saa saba ilimkuta barazani. Dada alikuwa na rundo la sare za mwaka jana zilizoletwa kuongezwa upana, maana watoto hukua hata mambo yakiwa magumu. Redio ilikuwa dirishani. Binti wa muziki alianza na kicheko kidogo, akajikumbuka, akasoma. Nyuma ya maneno yake kulikuwa na kinanda kinachopigwa polepole, kwa sababu siku hizi hata kifo hakiaminiwi kikae peke yake. Alikimbia. Aliwapita marehemu watatu kama basi linalopita vituo visivyo na abiria. Lakini kila mtu alimtaja mahali alipoandikwa: wakubwa mbele, wadogo nyuma.

Dada alisimamisha cherehani hadi akamaliza.

"Amepatia," alisema.

"Amepatia," alisema Hakimu.

Dada alimtazama kidogo, kisha akatupa sketi mbili mapajani kwake, na wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja.

"Fumua mishono ya ubavuni. Taratibu, usichane kitambaa."

Akavaa miwani. Alitafuta uzi wa kwanza kwa ncha ya kucha, akaupata, akaukata.